Betri Isiyo na Mstari

"Mota haisemi uongo, mzee," alisema fundi kutoka upande wa pili wa nondo. "Ukiinyima chakula, inalala. Suala ni nani aliyeinyima. Na mimi mwenyewe sijui kama si mimi."

Mpelelezi hakumjibu upesi. Alikuwa mtu wa pole pole. Kituoni vijana walimwita Kobe, naye alijua wala hakununa, maana kobe hata akichelewa, huwa amefika na nyumba yake. Alivuta kiti, akakuta mguu mmoja mfupi, akakunja karatasi akaitia chini ya mguu, akakaa, ndipo akafungua daftari. Daftari hilo lilikuwa na sheria moja tu: asichokiona kwa macho yake, haandiki wala hasemi kwamba amekiona. Miaka thelathini na mmoja kazini, sheria hiyo hakuwahi kuivunja hata kwa mkubwa wake.

Fundi huyo alikuwa fundi wa umeme wa maboti. Bandarini walimwita Sumaku, kwa kuwa skrubu hazikumponyoka mkononi hata akifanya kazi kichwa chini miguu juu. Siku ya kumi na moja sasa alikuwa mahabusu, na kesho saa tatu asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua mtu kwa uzembe.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Boti ya kliniki, ile inayopeleka manesi na chanjo vijiji vya ng'ambo, ilikuwa inarudi gatini siku ya upepo. Chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti hiyo, kuna bomba lililopita kutoka ubavu hadi ubavu, na ndani ya bomba kuna propela ndogo inayozungushwa na mota ya umeme. Mabaharia wanaiita kisukumo, kwa kuwa kazi yake ni kuisukuma pua ya boti kushoto au kulia wakati wa kuegesha. Siku ile nahodha alibonyeza swichi, kisukumo kikanguruma kidogo, kikafa. Upepo ukaichukua omo ukaibamiza gatini. Katikati ya omo na nguzo ya gati alikuwapo baharia wa kamba, kijana wa miaka thelathini na minne, kamba ikiwa bado mkononi. Hakupata hata nafasi ya kupiga ukelele.

Wakaguzi wa bandari walifungua chumba cha omo wakakuta betri isiyo ya kisukumo. Ilikuwa betri ya friji ya chanjo; waliijua kwa namba ya kiwandani chini ya boksi. Na wiki tatu kabla ya ajali, Sumaku alikuwa amezitoa betri zote mbili, akazisafisha, akazirudisha. Basi wakaandika: fundi amezipishanisha. Wakafunga jalada, wakaenda kunywa chai.

"Nieleze tena," alisema Mpelelezi.

"Nimekueleza mara kumi, mzee."

"Mimi kichwa changu kigumu. Nipe ya kumi na moja."

Sumaku alishika nondo kwa mikono miwili. "Zile betri zinafanana kama mapacha. Boksi jeusi, urefu mmoja, karatasi zilishafutika kwa chumvi na mafuta. Ndiyo maana nina desturi yangu kwa ile ya kisukumo. Nikishakaza klempu ya waya juu ya kichwa cha betri, nachukua msumari nakwaruza mstari mmoja. Unaanzia kwenye klempu, unavuka, unaishia kwenye kichwa cha betri, kwenye madini yake laini ya risasi. Nusu huku, nusu kule. Klempu ikilegea, nusu mbili zinapishana, najua. Betri ikibadilishwa, klempu inabaki na nusu yake na betri inaondoka na nusu yake, najua pia."

"Na siku ile ya kusafisha, ulikwaruza?"

Sumaku akatazama vidole vyake. Jirani wa selo akakohoa, akageukia ukutani.

"Mkono wangu unakwaruza wenyewe, mzee. Lakini siku ile mwanangu wa mwisho alikuwa amelazwa. Mwili ulikuwa ndani ya omo, roho ilikuwa wodini. Sikumbuki. Naona msumari, sioni mstari." Alishusha sauti. "Hakimu anifunge, asinifunge, hiyo ni kazi yake. Mimi nataka kujua kitu kimoja: yule kijana nimemuua mimi? Tangu wanilete hapa sijafumba jicho. Nikilala naiona ile kamba."

Mpelelezi aliandika, akapiga mstari chini ya neno *klempu*, akasimama. Karatasi aliiacha chini ya mguu wa kiti.

Mlangoni alikutana na mwendesha mashtaka, mwanamke mdogo wa umri, mwepesi wa miguu, mafaili kwapani.

"Mzee wangu, bado unatafuna mfupa huo? Umeisha nyama."

"Natafuta uboho."

"Basi nisikilize. Kesho saa tatu. Niletee ile betri nyingine yenye nusu ya mstari, inayoingia sawasawa na nusu ya kwenye klempu, au niletee mtu aliyeona kwa macho yake mtu mwingine akizibadilisha. Nitaifuta kesi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Usiniletee *nadhani*. *Nadhani* ninazo kabati zima."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Na utembee haraka!"

"Hapo unaniomba nisichokuwa nacho."

*

Boti ilikuwa imefungwa mwisho wa gati, kimya, rangi yake nyeupe imechubuka upande wa kulia wa omo. Nahodha alimpokea bila kumkaribisha. Alikuwa mtu wa kifua kipana aliyezoea kupiga mabaharia mikwara hata samaki wakasikia. Sasa alizungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Kifuniko cha chumba cha omo kilikuwa na lakiri ya polisi, haijaguswa. Mpelelezi aliikagua pande zote, akaikata, akashuka ndani kwa magoti. Chumba kilikuwa kidogo, mtu anaingia kwa kujikunja kama mtoto tumboni. Mota ilikuwa imekaa juu ya bomba lake. Nyaya zake zilikuwa nene kama kidole gumba, fupi kama mkono mmoja, zimekatwa vizuri, zimebanwa vizuri. Mpelelezi alizitazama muda mrefu. Mtu anayechagua nyaya nene hivi na kuzifupisha hivi, ili umeme usichoke njiani, anajua mota hiyo inakula nini.

Aliweka mita ya volti juu ya betri. Kumi na mbili nukta saba.

"Inaonyesha imejaa!" alipaza sauti.

"Ndiyo, wakaguzi pia walishangaa," Nahodha alijibu kutoka juu. "Hata mimi, asubuhi ile kule ng'ambo kabla hatujaondoka nilikigusa kisukumo, kikalia. Nikasema kizima. Wiki zile tatu bahari ilikuwa shwari, sikuwa nimekihitaji."

"Ulibonyeza muda gani?"

"Kama kupiga chafya."

Mpelelezi alichukua tochi, akainamia klempu. Ulikuwapo. Mstari mwembamba wa msumari ulikatiza chuma cha klempu, safi, ukafika ukingoni, ukakatika. Juu ya kichwa cha risasi cha betri, pale ambapo nusu ya pili ilitakiwa kuendelea, hapakuwa na kitu. Risasi ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Alipitisha ukucha mara tatu. Hakuna.

Alichora mchoro daftarini. Ndipo akaona mkanda.

Betri hiyo hushikiliwa na mkanda wenye kifungo cha plastiki, isirukeruke kwenye mawimbi. Kifungo kilikuwa kimevunjika. Mahali pake mtu alikuwa amefunga kamba nyembamba, fundo moja, dogo, limekazwa vizuri mno.

"Nahodha, shuka hapa. Fundo hili ni lako?"

Nahodha aliingiza kichwa. "Mimi nafunga kama watu wengine. Hilo limegeuka. Tazama, limezungushwa kwa mkono wa kushoto." Akavua kofia. "Hilo ni la Mashoto."

Mashoto ndilo jina walilomwita marehemu.

"Fundi alipomaliza kazi yake wiki tatu kabla ya ajali, kifungo kilikuwa kizima?"

"Kizima. Nilikagua nikatia saini. Mimi sisaini kitu kibovu."

"Kwa hiyo kilivunjika baadaye. Na aliyekifungua baadaye ni huyu."

Nahodha alimtazama kama mtu aliyepewa kitu kizito bila kuambiwa akiweke wapi. "Afande, unataka kusema nini? Marehemu hajitetei."

"Sijasema. Nimeuliza." Mpelelezi alijikwamua akatoka nje, magoti yakilia. Alimpigia simu mwendesha mashtaka palepale, akamweleza mstari na fundo.

"Mzee," sauti ikajibu, "mkwaruzo huo unaweza kuwa wa mwaka jana. Na mtu akikuta mkanda umekatika, anaufunga. Huo ni ubaharia, si ushahidi. Betri nyingine iko wapi?"

Swali la maana. Mpelelezi alimgeukia Nahodha. "Betri iliyokuwa kwenye friji iko wapi?"

"Friji haipo humu. Ilitolewa siku ya pili na sanduku lake la betri, ikapelekwa kliniki ili chanjo zisiharibike. Kulikuwa na kibali cha polisi." Nahodha aliingia kwenye kibanda cha usukani akarudi na karatasi. "Hiki hapa."

Mpelelezi aliisoma. *Friji haihusiani na ajali. Ruhusa imetolewa.* Chini yake palikuwa na saini ya taratibu, yenye herufi moja moja, kama ya mtoto anayejifunza. Aliijua saini hiyo. Amekuwa akiitia miaka thelathini na mmoja.

Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Uso wake Nahodha hakuweza kuusoma.

*

Kliniki, mtunza stoo alimwambia kwamba betri iliyokuja na friji ilikuwa imekufa ndani ya siku nne. Nesi wa chanjo aliipeleka mwenyewe dukani, akapewa mpya. Nesi huyo ataingia zamu saa tisa. Duka gani? La Mama Betri, lipo lingine?

Halikuwapo lingine. Mama Betri alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amekaa kati ya betri kama kuku juu ya mayai. Alimtazama Mpelelezi akiingia ameikumbatia betri ya omo, jasho likimtiririka.

"Babu, utapasuka! Kwani magari yenu polisi yanabeba nini, vyeo?"

"Nataka unipimie hii."

Alichukua mita, akaigusisha. "Kumi na mbili nukta saba. Nzima. Kwaheri."

"Kweli?"

Mama Betri akacheka mpaka miwani ikateleza. "Wewe hunidanganyi, una swali tumboni. Haya. Mita inakuambia betri imeshiba. Haikuambii ina nguvu. Aliyeshiba si lazima awe na nguvu. Kama huamini, nikuonyeshe mume wangu." Alionyesha kwa kidole stata kuukuu ya lori iliyobanwa mezani kwa jiliwa. "Mahakama ya betri ni hii hapa."

Akaunganisha nyaya nene, akabonyeza. Stata ilijizungusha nusu mzunguko, ikaguna. Mshale wa mita ukaporomoka: kumi, tisa, saba. Swichi ikalia *tik* ikajifungua yenyewe. Kimya.

"Umeona alivyozimia? Sasa tazama mwenzake." Akachukua betri nyingine rafuni, boksi jeusi lilelile, urefu uleule. Alipobonyeza, stata ilivuma mpaka jiliwa likatetemeka na vumbi likaruka mezani. Mshale ulishuka hadi kumi na moja ukagoma kushuka zaidi.

"Mtu akija kununua betri, watu wanadhani nitamuuliza ukubwa," alisema, akifuta mikono. "Ukubwa ni wa nini? Namuuliza inakwenda kufanya kazi gani, kwa muda gani. Kisukumo cha boti kinataka ampea kama mia nne, lakini kwa sekunde ishirini tu, kisha kinapumzika. Basi unampa betri yenye bati nyembamba, nyingi, inayotoa yote kwa pigo moja. Huyo ni bondia. Friji inataka ampea tano, lakini mchana kutwa, usiku kucha. Unampa yenye bati nene. Huyo ni mpagazi. Ukizipishanisha, umeziua zote. Mpagazi kwenye kisukumo anazimia, umemwona. Bondia kwenye friji naye anakufa taratibu, siku tatu, nne. Nimeletewa mmoja wiki iliyopita, amekufa hivyohivyo."

Mpelelezi aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Nani alikuletea?"

"Nesi mmoja. Nikamtania: mama, nani kakuwekea bondia kwenye friji? Akasema, mume wangu, Mungu amrehemu. Nikafunga mdomo wangu. Kumbe mtu ana msiba, mimi namletea mzaha."

"Na betri?"

"Hapa ni lete ya zamani uchukue mpya. Aliiacha pale." Alionyesha kona ya duka. Palikuwa na sakafu tupu, yenye alama za mraba za kutu.

"Zimekwenda wapi?"

"Lori la kiwandani linapita Jumatatu." Mama Betri akavua miwani. Sauti yake ikabadilika. "Babu, kulikuwa na nini kwenye betri ile?"

"Mstari wa msumari, labda. Urefu wa punje ya mchele."

Alichukua simu akapiga kiwandani. Aliuliza, akangoja, akauliza tena kwa ukali, akangoja. Alipoiweka simu, aliiweka polepole.

"Mzigo wa Jumatatu ulimiminwa jana asubuhi. Sasa ni matofali ya risasi."

"Ulikiona kichwa chake kina mstari?"

"Napokea thelathini kwa wiki, babu. Ningekuambia ndiyo ili ufurahi, lakini sikutazama."

"Asante kwa kutoniambia ndiyo," alisema Mpelelezi, akaandika: *Hakuona.*

*

Saa kumi kasoro alifika kwenye chumba cha chanjo. Nesi alikuwa amesimama mbele ya friji ileile, akisoma kipimajoto. Alikuwa mke wa Mashoto. Siku kumi mfululizo, kabla ya zamu yake, alipita kituoni kuuliza swali moja, akajibiwa, akaondoka. Leo pia aliliuliza.

"Kesho anafungwa, baba?"

"Kesho hakimu anasikiliza, binti yangu."

"Asikilize nini? Mtu anakabidhiwa roho za watu, anashindwa kutofautisha betri mbili!" Alifunga mlango wa friji kwa upole uliopingana na maneno yake. "Karibu ukae. Umechoka."

Mpelelezi akakaa. "Nataka kuuliza habari za friji hii. Safari ile ya mwisho, ilikuwa inafanya kazi vizuri?"

"Hata kidogo. Betri yake ilikuwa imezeeka. Jioni ile tumelala ng'ambo, kengele ya joto inalia kila mara. Nina chanjo za watoto mia mbili na kumi, zikipata joto ni za kumwaga." Alikaa naye upande wa pili wa meza. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo, kama mtu anayepewa nafasi ya kumzungumzia mpenzi wake. "Nikamwambia, mume wangu, fanya chochote. Yeye hakosi njia. Akaja na mita yake ndogo, akapima ya friji ikiwa imetoka kuchajiwa na injini, akaenda omo akapima ile ya kule. Akarudi anacheka. Mapacha hawa, akasema, zote kumi na mbili nukta saba. Lakini hii yako imechoka kukesha, na ile ya mbele inalala siku nzima, haifanyi kitu. Tuipe kazi."

"Akazibadilisha."

"Akazibadilisha. Nilimshikia tochi. Akavunja kifungo cha mkanda, akajilaumu, akafunga kwa kamba. Asubuhi kengele haikulia tena."

"Chanjo zilipona?"

"Zote. Hata moja haikumwagwa."

Mpelelezi aliandika polepole, neno kwa neno, akamaliza, akageuza daftari limwelekee. Kalamu akaiweka juu yake.

"Kwani friji inahusu nini, baba?"

Alilisogeza daftari karibu naye.

"Baba, nakuuliza."

Nesi aliyatazama maandishi. Mpelelezi aliona macho yake yakisoma mstari wa kwanza, wa pili, yakafika kwenye *ile ya mbele*, yakasimama. Yakarudi nyuma. Yakasoma tena. Mkono wake mmoja ulipanda ukashika shingo.

"Ya mbele," alisema.

"Ndiyo."

"Ya kisukumo."

"Ndiyo, binti yangu."

Nje mtu alikuwa akiita namba za wagonjwa. Namba thelathini na tisa. Namba arobaini. Nesi hakulia. Alikaa wima kama anayepimwa urefu.

"Nilimwambia mimi," alisema hatimaye. "Fanya chochote, nilimwambia hivyo. Mimi ndiye niliyeshika tochi."

"Hukujua. Naye hakujua. Mita iliwadanganya nyote wawili. Lakini fundi hakukosea, na asiyekosea atafungwa kesho. Ushahidi mwingine umeyeyuka. Umebaki wewe peke yako."

"Nina binti wa miaka sita. Kila jioni ananiuliza kama yule mtu mbaya amefungwa. Nikitia saini hapa, jioni nimwambieje? Mtu mbaya ni baba? Au nimwambie ni mama?"

"Fundi naye ana watoto."

"Najua anao! Wa mwisho alilazwa wodi yangu. Nilimchoma sindano kwa mikono hii, akanishukuru, akanipungia." Alilisukuma daftari lirudi upande wake. "Ondoka, baba. Ukiniita kesho mahakamani nitakuja. Nitaapa, na nitasema sikuona kitu."

Mpelelezi aliuchana ukurasa ule kwa uangalifu, akauacha mezani na kalamu juu yake.

"Chukua karatasi yako."

"Sina nafasi ya kuiweka," alisema, akaelekea mlangoni.

Nyuma yake alimsikia akisimama. Aligeuka. Nesi alikuwa amefungua friji, ametazama kipimajoto, amechukua ileile kalamu. Kwenye chati iliyobandikwa ukutani, mahali pa saa kumi, aliandika nyuzi nne na saini yake. Kisha akaiweka karatasi ya Mpelelezi kifudifudi chini ya chati, akaita mgonjwa aliyefuata.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa akifunga ofisi. Alimtazama usoni. Aliuliza tu, "Unacho?"

"Ninayo nusu."

"Nusu haisimami kizimbani, mzee."

"Nitaisimamisha mimi kesho. Ianguke yenyewe."

"Itaanguka," alisema mwanamke yule, bila ubaya, akazima taa.

Jua lilikuwa bado halijazama Mpelelezi aliposhuka selo. Kiti kilikuwa palepale, karatasi chini ya mguu wake. Sumaku alikuwa amesimama akishika nondo kama alivyomwacha, utadhani hakuondoka hapo mchana kutwa.

"Umeipata ile betri, mzee?"

"Nimefika mahali ilipokuwa."

"Kesho wataiona mahakamani?"

"Hapana. Kesho hawataiona. Nisikupe tumaini la uongo, mwanangu. Kesho ni ngumu."

Sumaku akatikisa kichwa taratibu. Hilo lilionekana halimgusi, au lilishamgusa zamani likapita. Alisogeza uso karibu na nondo.

"Lakini ilikuwa na mstari wangu?"

Mpelelezi aliweka mkono juu ya daftari lililokuwa mfukoni. Ukurasa wenye maneno ya Nesi haukuwamo. Neno la Mama Betri lilikuwamo: *Hakuona.*

"Ulikuwapo," alisema. "Nimeuona kwa macho yangu. Nusu ya klempu na nusu ya kichwa, zinakutana sawasawa. Uliiweka mahali pake. Aliyeitoa si wewe."

Sumaku alifumba macho. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni siku kumi na moja, yakashuka. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuta funguo mfukoni mwake mwenyewe.

"Basi nilikwaruza."

"Ulikwaruza."

"Mkono ulikumbuka."

Aliachia nondo, akarudi nyuma mpaka kwenye mkeka, akajilaza ubavu, akakunja mkono chini ya kichwa. Mpelelezi alikaa kwenye kiti, akamsikia akipumua, kwanza kwa haraka, kisha kwa mpangilio, kisha akakoroma.

Jirani wa selo aliinua kichwa. "Afande, huyu bwana amepewa dawa gani? Tangu aje hajatuachia tulale kwa kugeukageuka. Kumbe anaachiwa kesho?"

Mpelelezi aliinama, akaitoa ile karatasi chini ya mguu wa kiti. Kiti kikayumba. Akasimama.

"Mwache alale," alisema.